Walifungua ngiri, wakatoka na kidole tumbo

Dokta, jambo sana.

Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Bwana yangu ana miaka 38, kazi yake ni kubeba mizigo soko la Kenya, hapahapa mjini: unga, makala ya kupikia, simenti, chochote kinacholipwa. Ngiri ilimtoka upande wa kulia miaka minne iliyopita. Asubuhi haionekani, jioni imejaa kama yai la kuku, akilala inarudi yenyewe. Tukawa tunatia pesa kidogo kidogo kwenye likelemba, mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, ili afanyiwe operesheni. Zamu yetu ilipofika tulinunua hata ule wavu wa kuzibia, maana tuliambiwa mgonjwa anakuja nao.

Kabla siku yake haijafika, ngiri ikagoma kurudi. Ikawa ngumu, ngozi ikawa ya moto na kung'aa, akatapika mara moja, homa 38,4. Lakini hewa alikuwa anatoa, hata choo alipata. Tulimkanda kwa maji ya moto siku mbili, tukijaribu kuisukuma irudi. Siku ya tatu tukampeleka. Ekografi, kile kipimo cha picha, ikasema ngiri imekwama na ndani kuna utumbo. Wakampasua usiku uleule. Asubuhi dokta akatuonyesha katika bakuli la chuma kitu kama mnyoo mnene, chekundu cha kuiva, kina ute mweupe juu yake. Akasema: hii ni apandisite, ilikuwa imeingia ndani ya ngiri. Wavu wetu akaturudishia katika pakiti yake, haujafunguliwa. Na fakture, bili ya hospitali, ikapanda.

Leo ni siku ya tisa, yuko nyumbani. Shemeji yangu amekasirika sana. Anasema apandisite inakaa tumboni, ngiri iko kinenani, vitu hivyo vinakutana wapi? Kwamba walimkata kiungo kizima ili waongeze fakture, na wavu hawakuuweka kwa sababu hawajui kuuweka. Mama mkwe naye anataka kumtia dawa ya miti kwa pwari, ule mpira wa kusukumia maji kwa njia ya haja kubwa, kwa kuwa siku tatu hajapata choo.

Naomba mniambie: tumedanganywa? Kwa nini ekografi haikuona? Bila wavu, ngiri itarudi? Atabeba tena mifuko lini? Na la mwisho: mtoto wetu wa miaka mitatu naye anatokwa uvimbe palepale akilia sana. Je, naye ana apandisite humo ndani?

Mama wa Katuba

*

Mama wa Katuba, jambo sana.

Kabla ya yote, ile pwari iwekwe mbali leo hii. Kidole tumbo, yaani hiyo apandisite, kikikatwa, pale kilipoota kwenye utumbo mpana panabaki kisiki kidogo kilichofungwa kwa uzi, na siku ya tisa kisiki hicho bado kinapona. Maji yanayosukumwa kutoka chini yanapanda ndani ya utumbo huohuo, na miti mikali au pilipili inaunguza ukuta wake. Kisiki kikiachia, kinyesi kinamwagika tumboni. Fakture ya hapo usiombe kuiona.

Siku tatu bila choo baada ya operesheni, mara nyingi mwenye kosa ni dawa ya maumivu. Soma vidonge vyake: kama kuna tramadol au kodeini, hivyo ndivyo vinavyofunga tumbo. Abaki na paracetamol, gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Anywe maji, ale papai na kalembula (majani ya viazi vitamu), atembee uani, na akihitaji, dawa ya kulainisha choo iitwayo lactulose, ml 15 asubuhi na ml 15 jioni. Sharti ni kwamba tumbo liwe laini na hewa iwe inatoka. Likijaa kama ngoma, hewa ikakwama na akaanza kutapika, usimpe dawa yoyote ya kulainisha choo; mrudishe hospitali.

Sasa shemeji. Swali lake ni zuri, na hata wanafunzi wa udaktari huliuliza. Kidole tumbo ni kimrija chenye mwisho mmoja uliozibika, kwa watu wengi kina urefu wa sm 6 hadi 9, kinaning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini kulia. Shina lake halihami, ila ncha yake inaelekea popote: kwa mmoja imelala nyuma ya utumbo, kwa mwingine imeshuka ndani ya nyonga. Chini kidogo ya hapo ndipo lilipo tundu la ndani la mfereji wa kinena, njia ileile ambayo korodani ya mtoto inapitia ikishuka kutoka tumboni kabla hajazaliwa. Ngiri ikishafungua njia hiyo, na utumbo wa mtu ukiwa umeshikiliwa kwa ulegevu kwa nyuma, kidole tumbo kinateleza na kuingia mfukoni. Ndiyo maana karibu kila mara inakuwa kulia. Ikipatikana kushoto, mpasuaji anaanza kujiuliza kama mgonjwa amezaliwa na viungo vilivyogeuzwa upande.

Si jambo la kila siku, lakini si muujiza. Kwa hesabu inayotajwa na wapasuaji, katika ngiri za kinena 100, moja hivi ina kidole tumbo ndani. Kilichovimba na kuugua ni kama moja katika 1000. Na ina jina: ngiri ya Amyand. Mwaka 1735, katika hospitali ya St George's mjini London, Claudius Amyand, mpasuaji wa mfalme George wa Pili, alimfungua mvulana wa miaka 11 mwenye ngiri iliyokuwa inatoa kinyesi kinenani. Ndani alikuta kidole tumbo kilichotobolewa na pini aliyoimeza mtoto. Akakikata, mtoto akapona; na hakukuwa na ganzi zama hizo. Ndiyo operesheni ya kwanza ya kutoa kidole tumbo iliyoandikwa. Kwa hiyo ombeni nakala ya protokoli ya operesheni, yaani ripoti aliyoiandika mpasuaji, mtafute neno Amyand. Likiwemo, shemeji ana jibu lake kwa maandishi ya mtu aliyekuwa hajui kama mtamuuliza.

Kilichomtokea bwana yako ni hivi. Kidole tumbo kimekuwa kikiingia na kutoka, labda kwa miaka. Kila kikipita kinasuguliwa, mwisho kinashikamana na mfuko na hakirudi tena. Siku moja msuli unakaza kwa mzigo au kikohozi, shingo ya ngiri inakibana, damu hairudi vizuri, kinavimba. Kikivimba kinabanwa zaidi. Vijidudu vya utumboni vinapata nafasi. Usaha unabaki ndani ya mfuko wa ngiri, na kwa sababu hiyo tumbo lenyewe linaweza kuwa laini kabisa ukiligusa. Hapo ndipo wengi hudanganyika.

Ukitazama dalili ulizoandika, kuna moja ambayo daktari makini angesimama juu yake: ngiri ngumu yenye moto na homa, huku mgonjwa anatoa hewa na anapata choo. Utumbo ukinaswa mzima, kwa kawaida njia inafungwa: hewa hakuna, tumbo linajaa, matapishi hayakatiki. Kilichonaswa kikiwa kidole tumbo, njia kuu ya chakula inabaki wazi. Hata hivyo dalili hiyo haitoshi kuapa. Kipande cha ukuta wa utumbo kikibanwa upande mmoja tu kinafanya vilevile, na mafuta ya tumbo pia. Vipimo vya damu vinasema kuna uvimbe wa maambukizi, havisemi ni wa nini. Na kwa mwanaume mwenye maumivu ya ghafla upande huo lazima korodani ipimwe, isije ikawa imejisokota: hiyo ina kama saa 6 tu kabla ya kuanza kufa.

Kuhusu ekografi, msimlaumu sana aliyeshika mashine. Kidole tumbo kinachougua huonekana kama bomba lenye mwisho uliozibika, halibonyei ukilikandamiza, kipenyo chake kimezidi mm 6, na ukilifuata linapita shingo ya ngiri hadi kwenye utumbo mpana. Lakini mgonjwa anayelia kwa maumivu hakubali kukandamizwa, na hewa ya utumbo inafunika picha. Mpimaji aliandika alichokiona: kitu kama utumbo, kimekwama. Kwa uamuzi wa usiku ule ilitosha. Skana (CT) ingeonyesha vizuri zaidi, ila ngiri iliyokwama na ngozi yake imeshika moto haingoji skana. Duniani kote wengi wa wagonjwa hawa hugunduliwa mfuko ukishafunguliwa mezani.

Na mezani mambo huenda hivi. Kwa kawaida ganzi ni ya mgongoni, ile mnayosikia ikiitwa rachi. Antibiotiki inaingia mshipani kabla ya kisu. Ngozi inachanwa sm 5 hadi 7 juu ya kinena, kisha utando mgumu mweupe wa msuli unafunguliwa kwa kufuata nyuzi zake, huku neva nyembamba inayopita chini yake ikisogezwa pembeni. Ikikatwa, au ikashonewa ndani, mgonjwa anabaki na ganzi au maumivu ya kuchoma pajani kwa miezi. Kamba ya korodani, yaani mrija wa mbegu na mishipa ya damu yake, inanyanyuliwa kwa mkanda laini. Mfuko wa ngiri umelala juu yake kwa mbele.

Mfuko unafunguliwa taratibu, kabla ya kuachia shingo. Mpasuaji akiharakisha kukata shingo inayobana, kilichomo kinarudi tumboni chenyewe, na kama kilikuwa kimeoza au kina usaha, ameupeleka ndani kwa mkono wake. Hii ndiyo sababu hata kule nyumbani kusukuma ngiri ngumu yenye homa si vizuri. Mlifanya kwa nia njema, lakini siku zile mbili za kukanda zilikipa kidole tumbo muda wa kuiva.

Mfuko ukifunguka, anayeamua ni kilichomo. Maji safi na kidole tumbo cha waridi hafifu, laini, hakijaugua: kinarudishwa, ngiri inazibwa kwa wavu kama ilivyopangwa. Kimevimba lakini maambukizi yameishia ndani ya mfuko: kinatolewa kwa tundu lilelile, na ngiri inashonwa bila wavu. Kimepasuka na usaha umeenea tumboni: tumbo linafunguliwa, linasafishwa, na hapo kinena kinashonwa tu ili kufunga. Kuna kundi la nne, ambapo kidole tumbo kinaugua na tumboni kuna shida nyingine, kwa mfano uvimbe wa saratani. Huyo hupangiwa kwa kadiri ya hali yake. Mpangilio huu wa makundi manne ndio wapasuaji wanaoufuata siku hizi. Kwa maelezo yako, kitu chekundu chenye ute mweupe juu yake, bwana yako yuko la pili. Ule ute ni utando wa maambukizi. Kidole tumbo kizima hakina ute huo. Ni cha waridi hafifu, kinang'aa, unaweza kukifananisha na mnyoo wa mvua uliooshwa.

Hapa ndipo shemeji angekuwa na haki. Wangemwonyesha kiungo kinachong'aa, laini, kisicho na doa, angeweza kuuliza kwa nini kimekatwa, maana hata wapasuaji hawakubaliani. Wapo wanaokitoa kila wakikiona, hasa kwa kijana, ili kisije kumsumbua baadaye na kwa kuwa kukirudisha kwa nguvu kunaweza kukiamsha. Sisi tunaona kidole tumbo kizima cha mtu mzima kirudishwe, kwa sababu kukikata kunafungua utumbo, na kufungua utumbo kunachafua kidonda kilichokuwa safi na kumnyima mgonjwa wavu wake. Lakini kilichoiva hakina mjadala. Kinatoka.

Kazi yenyewe ya kukitoa ni fupi, ila ina mtego mmoja. Lazima shina lionekane lote, hadi linapoungana na utumbo mpana. Kwanza unafungwa mshipa wa damu uliomo katika utando wake, kisha shina linafungwa kwa uzi unaoyeyuka, ndipo kinakatwa. Shina lisipofika kwenye tundu, mpasuaji mvumilivu anapanua tundu au anafungua tumbo. Asiye mvumilivu anavuta. Na akivuta, mshipa unachomoka na kurudi tumboni ukitoa damu asiyoiona, au shina linakatika nusu na kubaki kipande kirefu kitakachougua tena.

Kuhusu wavu. Wavu ni plastiki, na mwili hauwezi kuulisha damu. Vijidudu vikikaa kwenye nyuzi zake vinajifunika utando ambao antibiotiki haipenyi. Matokeo ni kidonda kinachotoa usaha mwezi hadi mwezi, kinafunga na kufunguka, hadi wavu wenyewe utolewe kwa operesheni nyingine iliyo ngumu kuliko ya kwanza. Aliyeshika pakiti yenu usiku ule, akakitazama kile kiungo chenye ute wa maambukizi, kisha akairudisha pakiti bila kuifungua, aliwafanyieni hesabu nzuri. Kuuweka ndiko kungekuwa kosa.

Badala yake hutumika nyama ya mgonjwa mwenyewe. Njia zinazojulikana ni ya Bassini, Mwitaliano wa karne ya 19, ambapo misuli ya tumbo inashonwa hadi kwenye kano ya kinena. Ya Shouldice, yenye kukunja tabaka juu ya tabaka. Na ya Desarda wa India, inayotumia kipande cha utando wa msuli wenyewe kama kiraka. Protokoli itataja mojawapo. Ulizeni pia uzi gani ulitumika: kwa Bassini tunapenda prolini au nailoni, ambazo haziyeyuki. Uzi unaoyeyuka baada ya wiki chache hauwezi kushikilia kinena cha mbeba mizigo.

Itarudi? Inaweza. Kushona bila wavu kunarudisha ngiri mara nyingi zaidi kuliko kuweka wavu, na kidonda kikipata usaha hatari inaongezeka. Lakini ikirudi, miezi kadhaa baadaye kidonda kikiwa kimetulia kabisa, wavu utawekwa bila wasiwasi. Kwa hiyo pakiti yenu itunzeni pakavu, msiifungue wala msiitoboe, mtazame tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu yake. Kama duka la dawa linakubali kuirudisha, bora zaidi. Na kwa kuwa mtasikia habari za wavu wa chandarua: ni kweli Uganda walilinganisha wavu wa namna hiyo na ule wa dukani, matokeo yakatoka mwaka 2016, na baada ya mwaka mmoja vilikuwa sawa. Ila ule ulikatwa, ukasafishwa na kuuliwa vijidudu kwa utaratibu maalumu. Cha kitandani kibaki kitandani.

Fakture sasa. Kutoa kidole tumbo kunaongeza nyuzi, antibiotiki ya kupambana na vijidudu vya utumbo, kwa kawaida ceftriaxone pamoja na metronidazole, na siku za kitanda. Hayo yanalipwa. Yasiyopaswa kuonekana mara mbili ni chumba cha operesheni, ganzi na ufunguzi wa ngozi, kwa sababu mgonjwa alilala mara moja akachanwa mara moja. Ombeni fakture iliyochanganuliwa, mstari kwa mstari, mkaisome karibu na protokoli. Kwa upole, mtamhitaji dokta huyo bado.

Mumuulize pia kiungo kilipelekwa wapi. Inatakiwa kiwekwe ndani ya formalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kipande, kiende maabara ya anapati, inayopima vipande vya mwili kwa darubini. Mara chache sana kuna kivimbe cha saratani kwenye ncha ambacho jicho halioni, na katika nchi zetu zenye bilharzia mayai yake hukutwa humo. Huyo anahitaji dawa nyingine. Kama kilitupwa, basi. Kama kiko kwenu ndani ya chupa ya maji, kimeshaharibika na hakipimiki.

Kidonda cha siku ya tisa kinaruhusiwa kutoa majimaji kidogo ya rangi ya chai au waridi. Kigumu kama kamba chini ya ngozi ni uponaji. Michubuko iliyoshuka hadi kwenye mfuko wa korodani inatisha macho, lakini ni damu iliyoteremka, itaisha yenyewe. Avae chupi ya kubana. Kinachotaka daktari ni usaha mzito wenye harufu, wekundu au moto unaopanuka kila siku, au korodani iliyokuwa sawa ikawa ngumu na kuuma. Na kuna moja linalosahaulika kwa sababu linakuja mtu akishafurahi kwamba amepona: kati ya siku ya 5 na ya 10 hivi, homa inarudi jioni, choo kinakuwa cha kuharisha kidogo kidogo chenye makamasi, na anasikia kukojoa kila saa. Huo ni usaha uliokaa chini ya nyonga. Ekografi itauona, na mara nyingi unatolewa bila kufungua tumbo tena.

Nyuzi za ngozi hutolewa siku ya 7 hadi ya 10, maana yake wiki hii. Antibiotiki amalize alizoandikiwa, asiongeze za kununua sokoni. Kwa kidole tumbo ambacho hakikupasuka, antibiotiki za siku nyingi hazisaidii kitu.

Kazi ndiyo itakayowauma. Atembee kila siku, apande ngazi, kwa wiki mbili asibebe zaidi ya kilo 5. Kwa kazi nyepesi wiki sita zinatosha. Lakini mfuko wa simenti una kilo 50, na kinena chake kinashikiliwa na uzi na nyama yake tu. Sisi tungempa miezi mitatu kamili kabla ya mfuko wa kwanza. Apate kazi ya kuhesabu mizigo, kulinda kibanda, kuuza makala kwa vikopo, chochote kisichomfanya azuie pumzi na kukaza tumbo. Kikohozi kitibiwe, sigara iachwe. Mambo ya ndoa yanaweza kuanza pale maumivu yakiisha, mara nyingi wiki ya pili au ya tatu.

Mtoto wa miaka mitatu ni habari nyingine. Yake si udhaifu wa msuli wala mzigo. Ni ile njia ya korodani ambayo haikufunga. Ndani mara nyingi kuna utumbo mwembamba. Kidole tumbo kinawezekana, ila hakuna haja ya kukitafuta leo. Ngiri ya kitovu kwa watoto wengi hujifunga yenyewe kabla ya miaka mitano, na hapo watu wanajidanganya kwamba ya kinena itafanya hivyo. Haifungi. Sarafu na mkanda haviifungi pia, vinabana utumbo tu. Operesheni yake ni ndogo: mchano wa sm 2 au 3, mfuko unatenganishwa na kamba ya korodani, unafungwa juu kabisa kwenye shingo, basi. Hakuna wavu kwa mtoto, hakuna kukaza misuli, na mara nyingi anarudi nyumbani siku ileile.

Mpelekeni mwezi huu kwa mpasuaji wa watoto au mpasuaji aliyezoea watoto, na mpige picha uvimbe kwa simu siku utakapotoka, maana mbele ya dokta hautatokea. Aangalie pia kama korodani zote mbili zimeshuka. Ila mtoto akilia bila kunyamazika, uvimbe ukawa mgumu na haurudi, au akaanza kutapika, msingoje siku ya miadi wala msimpe kitu cha kula au kunywa njiani. Saa hiyohiyo, hospitali yenye chumba cha operesheni.